Mzani wa Kuku Kumi na Mmoja

Walisema sitamaliza miezi mitatu kijijini. Walisema mtu aliyekaa Kitwe, huko Zambia, miaka tisa hawezi tena kuingia shamba lenye umande, kwamba stashahada yangu ya utunzaji wa ghala itaishia kufungia vitumbua, na kwamba nikijitahidi sana nitanunua baiskeli, lakini isiyo na kengele. Haya yote waliyasema nikiwa nimesimama palepale dukani, begi likiwa bado mkononi. Watu wa kwetu, upande wa Hasamba, hawapendi kusengenya. Wanakusema ukiwepo, ili usipate taabu ya kuulizia baadaye.

Nilifungua begi, nikatoa bahasha ya kaki, nikatoa karatasi yenye muhuri mwekundu, nikaiinua kila mtu aione. Nilikuwa nimeisomea jioni, mchana nikipakua saruji, na sijui mtu mwingine wa kijiji chetu aliyewahi kufaulu mtihani wa hesabu za stoo huku mabega yamechubuka. Mwenye duka aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akauliza, "Sasa hii, Diploma, inalimwa au inafugwa?"

Jina hilo likanishika tangu siku hiyo. Alikusudia kunidhihaki, lakini mimi nililisikia kama cheo, nikaitika.

Nyumbani kwa mama yangu nilikuta jikoni kuna kitanda. Kilikuwa cha bibi jirani yetu, mjane. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeshusha paa lake la nyasi mpaka likakaa juu ya meza, na mama akamkaribisha alale jikoni, kando ya mafiga. Bibi alikuwa na mpango mmoja tu duniani: kuuza mahindi yake, anunue bati ishirini, alale kwake kabla mvua nyingine hazijaanza. Ukimwamkia asubuhi, alikujibu salamu kisha akatazama juu, upande mawingu yanakotokea.

Mnunuzi wa mahindi kijijini kwetu alikuwa mmoja, na alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyetoa saruji ya sakafu ya kanisa. Ndiye aliyetoa mabati ya mbele. Ndiye aliyemnunulia mchungaji kiti chenye sponji, na kila mchungaji alipokaa tulikisikia kikitoa pumzi. Mahindi aliyapima kwa debe lake la rangi ya bluu, safi, linalong'aa. Debe sita zilihesabiwa gunia, na kila debe lilijazwa mpaka likaota kilima juu.

Mimi nimefundishwa kutazama chombo kabla ya kutazama kilichomo. Siku ya kwanza nilipomwona akinunua kwa jirani, niliona debe lile haliketi vizuri chini. Likiwekwa, linayumba kidogo, kama mtu aliyeshiba. Nikainama nikatazama chini yake. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani, kikatokeza nje mfano wa kitambi. Watu wote walikuwa wakiliona debe lile kwa miaka, lakini hawakuwa na stashahada.

Au ndivyo nilivyodhani. Jioni nilimweleza bibi.

"Bibi, unaibiwa."

"Najua, mwanangu. Nimejua tangu babu yako yu hai."

"Sasa mbona unanyamaza?"

"Nikisema, nani atanunua? Wewe? Una begi moja."

Nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kwa debe la mzee na bei ya mzee, mahindi ya bibi yalikuwa bati kumi na sita. Kwa kilo, kwa bei ya Tunduma, yalikuwa bati ishirini na mbili. Nyumba yake ilitaka ishirini. Yaani kitambi cha debe lile ndicho kilichokuwa kimelala nyumbani kwa bibi, na bibi amelala jikoni kwetu.

Nilisali. Sitasema niliona maono, sikuona. Nilifungua Maandiko nikasoma manabii, na nikashangaa jinsi walivyojua mambo ya ghala. Walikuwa wamekwisha kuwakemea watu wa vipimo vya uongo kabla bati halijavumbuliwa. Nikajiambia kwamba kama Mungu ameshughulika na ukubwa wa kipimo, basi mimi mwenye cheti cha kipimo sina pa kujificha.

Wakati ule kanisani nilikuwa nimepewa kazi ya kusoma matangazo, kwa sababu ya sauti yangu na tai yangu. Jumapili iliyofuata nilisoma ndoa, nikasoma zamu ya usafi, nikasoma mazoezi ya kwaya, kisha nikaongeza tangazo la kwangu: "Na mwisho, wapendwa, debe tunalopimiwa mahindi lina kitambi. Atakayependa kuhakikisha apitishe mkono chini yake."

Kiti cha mchungaji kilitoa pumzi. Kwaya ilianza wimbo ambao haukuwa zamu yake.

Niliitwa mbele ya baraza la wazee siku ya Jumanne. Mzee mnunuzi alikaa katikati, mikono juu ya fimbo, akanitazama kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira.

"Kijana, theolojia umesomea wapi?"

"Sijasoma theolojia, mzee. Nimesoma ghala."

"Basi kaa ghalani. Madhabahu utuachie sisi."

"Mzee, nilizungumzia debe tu."

"Na hiyo sakafu uliyoikanyaga ukizungumzia debe, ilitoka wapi?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, sina ubishi. Nikasema, "Ilitoka kwenye debe, mzee."

Nikavuliwa matangazo. Mchungaji alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega, akanong'ona kwamba ninachosema ni kweli ila nimekisema kwa sauti. Nilimheshimu, lakini siku hiyo nilimwona kama mtu aliyefungwa kamba kwenye kile kiti.

Sasa, mtu mwingine angeishia hapo akarudi Kitwe. Mimi niliona kwamba maneno hayapimi mahindi. Kinachopima mahindi ni mzani. Mzani wa kuning'iniza, wenye uso kama wa saa na ndoano chini, uliopigwa muhuri wa serikali, nilikuwa nimeuona Tunduma dukani. Nilichokosa ni fedha, maana akiba yangu yote niliilipa ada, na hata leo siijutii.

Waliouleta mzani ule ni akina mama wa kikundi cha maombi cha Alhamisi. Kwetu, mwanamke maskini ana kitu kimoja anachoweza kukitoa bila kuitisha kikao na mume wala na shemeji, nacho ni kuku. Bibi alitangulia. Alinikabidhi mtetea wake mweusi, akiwa amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

"Simtoi sadaka," akasema. "Nakukopesha. Sadaka napeleka kwa Mungu. Wewe utanirudishia."

Wengine kumi wakamfuata. Nikaandika kila kuku kwenye daftari kwa rangi na jinsia, kama nilivyofundishwa kupokea mali ghalani. Mama mmoja aliuliza kwa nini naandika rangi. Nikamjibu kitaalamu kwamba ni utambulisho wa bidhaa. Akawaambia wenzake, "Anasema ni kwa sababu amesoma."

Niliwapeleka Tunduma kwa lori la viazi. Pale mpaka wenyewe ni kama upande wa pili wa barabara, na nilipokuwa nikipatana bei na mama mmoja wa Kizambia, kuku mmoja alikata kamba akaondoka zake. Alipita chini ya matrela ya mizigo yaliyopanga foleni, akapita kati ya wabadili fedha, akapita miguuni mwa askari, akaingia Nakonde, upande wa Zambia, bila karatasi yoyote. Nilimkimbilia. Askari akanizuia mimi.

"Pasi yako?"

"Ninamfuata kuku wangu, afande."

"Yeye hajakuulizia wewe."

Nikauza kumi. Nikaongezea koti langu la baridi la Kitwe, ambalo nililipenda, na mzani nikaununua. Niliutundika kwenye boriti ya baraza la mama yangu. Siku ya kwanza nilipima kila kitu: mawe, mtungi, mama yangu, ambaye alikataa matokeo. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Hakuna aliyeleta mahindi.

Mzee mnunuzi alikuwa ametoa neno. Hakutishia mtu. Alisema tu, kwa upole ule ule, kwamba yeye hanunui mahindi yaliyokwisha kupita kwenye mzani wa Diploma, kwa sababu ni mahindi yaliyotukanwa. Na madalali wote wa barabarani Nanyala walikuwa watu wake, kwa hiyo nao hawakununua. Nikaenda tena Tunduma, nikampata mfanyabiashara mwenye ghala kubwa, mtu anayenunua kwa kilo na anayesalimu kwa Kibemba kwa sababu nusu ya wateja wake wako ng'ambo ya mpaka. Akaniambia "Mulishani, mukwai," na mimi nikamjibu vizuri kiasi kwamba aliniletea kiti. Alikubali kilo. Alikubali bei. Akasema lori lake litakuja mpaka kijijini, ila haliwashwi kwa chini ya gunia mia.

Nilikuwa na gunia tisa za bibi na tatu za mama.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Watu walinikaribisha, wakanipa viazi, wakanisikiliza, wakasema watafikiri. Waliokuwa na mahindi mengi walimwogopa mzee, na waliokuwa na machache walimwogopa zaidi. Siku zikaenda. Wadudu wa dumuzi wakaanza kutoboa gunia la chini la bibi. Mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya upande wa Ileje na kutoondoka. Usiku mmoja bibi aliniambia, bila kunilaumu, kwamba wiki ijayo ikipita atayapeleka mahindi kwa mzee, na hizo bati kumi na sita atazipanga upande anakolalia, upande wa pili utanyeshewa. "Nitalala nikiwa nimekunja miguu," akasema.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Desturi yetu ya mavuno ni hii. Wiki mbili kabla, kila nyumba inatangaza ahadi yake kwa debe. Siku ya sikukuu, kila nyumba inaleta mahindi yake na debe lake, na wazee wa zamu wanapima mbele ya madhabahu, kwa sauti, kila mtu asikie. Wenye ahadi ndogo wanatangulia. Bibi aliahidi debe moja. Akapimiwa, akapigiwa vigelegele. Mzee mnunuzi aliahidi debe kumi, kama kila mwaka, na kama kila mwaka akawekwa mwisho, ili iwe kilele.

Yeye mwenyewe alikuwa na shughuli barabarani asubuhi ile, akachelewa kidogo. Magunia alikuwa ameyafunga jana yake kwa mkono wake. Kazi ya kuleta debe aliiacha kwa mkewe, mama mtaratibu, mwenye moyo mweupe, ambaye sijamsikia akisema vibaya juu ya mtu. Mama yule akaja na lile debe la bluu, amelipiga sabuni, limeng'aa. Mzee akaingia wakati wanamimina la kwanza, akaketi kiti chake cha mbele, akakunja mikono, akafumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wake.

"Moja," akaita mpimaji. Kwaya ikaitikia. "Mbili. Tatu."

Walipofika sita, magunia yalikuwa yamelegea. Saba. Mpimaji akakung'uta gunia la mwisho. Akalikung'uta tena, akaligeuza ndani nje. Zilidondoka punje, zikajaza kama kikombe.

"Saba," akasema, "na kidogo."

Mzee akafumbua macho.

"Hesabu vizuri, ndugu."

"Ni saba, mzee."

"Haiwezekani. Nimepima mwenyewe jana. Ni kumi kamili." Akasimama, akasogea mbele, akatazama kile chombo kilichokuwa mikononi mwa mpimaji. Kisha akamgeukia mkewe, na akasema kwa sauti ya mtu aliyesahau yuko wapi: "Mama, umeleta debe la kununulia."

Mimi nilikuwa benchi la nne. Ningependa kuandika kwamba nilipanga jambo lile. Sikupanga. Lakini nadai kwamba bila tangazo langu, watu wasingeelewa haraka kiasi kile.

Mkewe alisimama, amechanganyikiwa kweli. "Lile jingine lina kutu, baba. Tena limebonyea ndani. Nikaona aibu kulipeleka mbele za Mungu."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kicheko kilianzia kwa wazee wa nyuma kabisa, kwenye mabega, kikapita kwa akina mama wa Alhamisi, kikafika kwenye kwaya, na mwenye sauti ya besi akalazimika kutoka nje. Mzee alibaki amesimama. Kusema kweli nilimwonea huruma, kwa muda mfupi.

Ndipo bibi akainuka. Hakuwa na hasira, na wala hakumtazama mzee. "Baba mchungaji," akasema, "mimi naomba tu nipimiwe mahindi yangu. Mvua inakuja."

Mchungaji alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Nilimwona akitazama sakafu, akitazama mabati, akimtazama bibi. Kisha akasimama, na kiti kikatoa pumzi ndefu.

"Diploma, mzani uko wapi?"

"Barazani kwa mama, mchungaji."

"Ulete."

Nilikimbia na tai yangu. Niliporudi walikuwa wameshusha ile ringi ya gari tunayoigonga kama kengele, nikatundika mzani mahali pake, na kanisa zima likatoka nje kutazama. Debe la kununulia likasoma kilo ishirini na moja. Mke wa mzee akatumwa kulileta lile lenye kutu. Likasoma kumi na tano. Watu walikuwa wakipiga hesabu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kijiji changu chote kikifanya hesabu kwa wakati mmoja, na nilijivuna kama mwalimu.

"Basi nitaongeza mpaka zitimie," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Kwa lile la sadaka."

"Uliahidi debe kumi," mchungaji akasema. "Na debe lililoletwa mbele za Bwana ni hili la bluu. Tutamalizia na hilo."

Mzee akatuma watu, wakaleta gunia moja kutoka ghalani kwake, na kumi zikatimia, kwa kitambi na kilima. Sikumsikia akitubu kwa maneno, siku ile wala baadaye. Ila Jumatatu mchana alikuja barazani kwa mama yangu, akasimama nyuma ya watu kwenye foleni, akasema amekuja kuona kama mzani wangu hauna uongo. Alipanda mwenyewe kwenye kamba niliyoifunga chini ya ndoano. Ukasoma uzito wake, na akaukubali, tofauti na mama yangu.

Siku nne baadaye gunia mia zilitimia, na kumi na saba juu. Lori likafika kijijini. Bibi alipokea fedha zake akiwa amesimama wima, akazihesabu mara mbili, akamwomba dereva azihesabu mara ya tatu. Tulinunua bati ishirini na misumari, na fundi alikuwa bado anagongomea safu ya mwisho mvua ilipoanza. Bibi aliingia ndani, akaketi kwenye kitanda chake. Tukamngojea aseme neno.

"Bati lina kelele," akasema. "Nyasi hazikuwa na kelele namna hii."

Akakataa kutoka mpaka mvua ilipokwisha.

Kwa kila gunia tulikuwa tumekubaliana nibakishe kiasi kidogo cha kazi yangu, na kwa kiasi hicho nilinunua kuku kumi na mmoja, wazima, wenye afya, kwa daftari mkononi. Mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu. Niliwaita akina mama wa Alhamisi barazani, nikavaa tai, nikaanza kugawa. Nilitarajia shukrani. Mama wa kwanza alimpokea kuku, akampima kwa mkono, akanirudishia.

"Mtundike."

"Mama, huyu ni kuku kwa kuku. Rangi ni ile ile."

"Rangi hailiwi. Wewe ndiye uliyetufundisha. Mtundike."

Nikamtundika. Wote nikawatundika, mmoja mmoja, miguu juu, mbele ya umati. Kuku wa zamani hawakuwahi kupimwa, kwa hiyo kila mama alikumbuka kwamba wake alikuwa mnene kuliko huyu, na mashahidi walikuwepo. Mabishano yalikwenda mpaka saa tisa. Aliyepungukiwa nilimwongezea mayai. Mama wa yule kuku aliyekwenda Zambia alidai pia vifaranga ambavyo angekuwa amevitotoa huko, nikampa mayai sita tukapeana mikono.

Wa mwisho alikuwa bibi. Hakutaka wake atundikwe. Alimchukua mtetea mweusi kwapani, akaniambia nimfuate, akaenda naye kwake moja kwa moja, akamchinja.

"Bibi, nimekulipa sasa hivi tu."

"Umenilipa. Kuku ni wangu. Kaa."

Nikakaa chini ya yale mabati ishirini, nimefuta mstari wa mwisho kwenye daftari, sidaiwi na mtu hata unyoya. Ugali ulipokuja, bibi alichokoa bakuli kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, ambayo kwetu anapewa mwanamume mwenye nyumba yake, akaiweka upande wangu. Niliila polepole.